Evelina na Mnara wa Halaiki

23 Septemba

Naandika kwa sababu furaha hii nisipoitoa nitapasuka, na Baba Eva akirudi kutoka kwenye injini zake za mitumbwi kule Mwaloni huwa hana tena masikio. Habari yenyewe ni kwamba kesho wanafunzi wa chuo, wa Nyegezi, wanakuja shuleni kwa Evelina, Eva wangu, kupima watoto wa darasa la tano. Uzito, urefu na mambo mengine. Sasa mimi Dorotea mambo ya kupimwa watoto nayajua. Eva alipokuwa wa mgongoni, kila siku ya kliniki nesi aliinua kadi yake akawaonyesha wenzangu: "Oneni mstari unavyopanda! Mama huyu analisha!" Nilikuwa natoka pale natembea katikati ya barabara, magari yanipishe. Na kesho tunapimwa tena. Nimelowesha choroko, nimekaanga sato, maziwa yapo.

24 Septemba

Asubuhi Eva amekunywa uji wa maziwa bakuli mbili, akala chapati na mayai, na wakati anapanda pikipiki nikamwekea kiazi kitamu mkononi. Machibya, boda wetu wa kila siku, akasema, "Mama Eva, leo springi zitalia." Nikamwambia zilie, ndiyo nalipia.

Wazazi hatukuitwa, lakini uwanja wa shule kwani una mlango? Nimemwachia msichana mgahawa wangu, nimekwenda kusimama dirishani. Kwenye mzani Eva kawashinda wote, na wavulana humo humo. Nilipiga kigelegele, darasa zima likageuka. Dada wa chuo, anaitwa Selestina, alitabasamu akaendelea na kazi. Ana kidude cha chuma kama koleo, anabana nacho nyama ya nyuma ya mkono, halafu anasoma namba. Nikawa nasema moyoni, bana dada, bana vizuri, hapo umeshika sato wa mama yake.

Kisha wakatolewa nje. Kuruka mbele kwa miguu yote miwili. Kukimbia kwenda na kurudi kati ya mawe. Kusimama kwa mguu mmoja. Kwenye kukimbia Eva alikuwa wa kwanza kukaa chini, mkono kifuani. Kwenye mguu mmoja, sijamaliza hata kusema "simama mama," tayari yuko kwenye vumbi.

Nikamfuata Selestina. "Dada, zawadi mnatoa lini?"

"Zawadi zipi, mama?"

"Za uzito. Yule aliyeongoza ni wangu."

"Mama, hapa hakuna mshindi. Tunaangalia watoto wanavyokua. Mwili, nguvu, wepesi. Tutarudi mwezi wa kumi na moja tuwapime tena."

Chuo kizima hakina hata mche wa sabuni wa kumpa mtoto aliyeongoza! Nikarudi zangu Mkuyuni.

25 Septemba

Nimewaambia wateja wote kwamba Eva kaongoza vipimo. Aliyeuliza vipimo gani nilimwongezea mchuzi.

30 Septemba

Eva amekuja anakimbia kutoka getini, yeye ambaye hata mvua haimkimbizi. Mwisho wa Novemba kuna tamasha la shule za msingi uwanjani Kirumba, na shule yao inatoa halaiki! Wale watoto wanaopangwa mistari, filimbi ikilia wanageuka pamoja, wanainama pamoja, wanajenga maumbo, na mwisho kabisa wanapandana wanajenga mnara wa watu. Mwalimu Pius anachagua. Eva anataka. Jioni yote alikuwa anainua mikono sebuleni, kaangusha redio.

Baba Eva akasema, "Huyu mtoto kwa mara ya kwanza ameomba kitu kisicholiwa."

Nikamwambia anyamaze. Lakini ni kweli.

2 Oktoba

Wamechagua. Mwalimu Pius alisema anayesimama kwa mguu mmoja mpaka filimbi ya pili abaki, anayeanguka akae pembeni. Eva kakaa pembeni. Kalia mpaka kapata kwikwi. Soda hakuitaka. Nikafungua nyingine baridi zaidi, hakuitaka vilevile. Hapo ndipo nilipoogopa.

3 Oktoba

Nimepika sato mkubwa wa nazi, nikamfunika kwa kitambaa cha maua, nikampelekea Mwalimu Pius ofisini. Alikula mpaka akanyonya kichwa. Kisha akafuta midomo akasema, "Mama Evelina, samaki ni mtamu sana. Mtoto bado anaanguka."

"Mwalimu, si umeshamla?"

"Nimemla. Ningejua ana masharti ningemrudisha mzima."

Walimu wenzake wanacheka hadi wanashika meza. Na mimi nikacheka, nifanyeje. Akasema mwanzoni mwa Novemba atawajaribu tena waliobaki, kuna nafasi chache. Eva aje. Samaki asije.

5 Oktoba

Jumapili. Baada ya misa nimekutana na Paskazia, jirani yangu wa juu, anayekaa kule kwenye mawe ambako bomba halijafika. Anauza mchicha. Binti yake Princess ni wa darasa la Eva, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, na kwenye mguu mmoja alisimama mpaka mwalimu akamwambia inatosha. Mimi Paskazia huwa namwonea huruma, watoto wake kutwa wako njiani na ndoo kichwani.

Nikamuuliza kwa upole, "Mwenzangu, Princess ulimfundisha nini?"

"Nimfundishe mimi? Nina muda huo?" Akaangua kicheko. "Kafundishwa na ndoo. Ukibeba maji kwenye haya mawe yetu ukayumba, unaloa. Ukiloa mara mbili tatu, unaacha kuyumba. Wako si anaendeshwa na boda kama diwani? Aanguke tu, mayu, mama yangu. Akianguka si ana mto wake wa kuzaliwa?"

Nimepanda nyumbani kichwa kinachemka. Mto wa kuzaliwa! Nimeosha vyombo vyote kwa hasira, na vilivyo visafi.

6 Oktoba

Bado nimekasirika.

7 Oktoba

Nimefikiria tangu nawasha mkaa. Mimi siku zote najisifu kwamba mwanangu hajawahi kubeba ndoo. Nina bomba langu uani, nimelitolea jasho. Nilikulia Magu nikibeba maji mpaka nywele za utosini zikakatika, nikaapa wa kwangu hatabeba. Lakini nikakumbuka vilevile kwamba mimi enzi hizo nilikuwa naruka mfereji wa mpunga na mzigo kichwani, sishiki kitu.

Nikamwita Eva, nikampa ndoo ndogo ya kaka zake waliohama. Nenda bomba la mtaa kule chini, uje umimine kwenye pipa letu.

"Mama, si tuna bomba?"

"Halaiki unaitaka, huitaki?"

Akaichukua. Alirudi ameloa kuliko pipa. Machibya pia nimemwambia apumzike, Eva atakwenda shule kwa miguu na Princess.

9 Oktoba

Selestina wa chuo kaja kula mgahawani, nikamkamata kwenye dagaa. Nimemuuliza, kwa kuwa shangazi mmoja wa Eva kashauri tumnyime chakula cha jioni na kumpa maji ya ndimu. Selestina akaweka kijiko chini. "Usijaribu, mama. Bado anakua, anahitaji chakula. Ugali, samaki, mboga, maharage, mpe. Soda na chipsi za kila siku ndiyo punguza. Halafu mwache acheze, akimbie, apande, arushe. Mwili wa mtoto unajifunza kama anavyojifunza kusoma, kwa kurudia."

Hapo tumeelewana. Mtoto wa Dorotea alale njaa? Mapishi yangu yangenisuta. Soda nimehamishia friji la wateja.

13 Oktoba

Vuli imeingia. Mvua ya radi, mawe yote yanang'aa. Eva na Princess wamerudi wanacheka, nguo zimegandamana. Ndoo kamwaga nusu tu.

16 Oktoba

Watu wameanza. Mteja mmoja kaacha chenji kwenye meza, ananiambia, "Kaa nayo, mama, najua mambo si mazuri." Mambo gani? Mwingine kaniuliza kama ninauza friji. Redio yenyewe naijua, ni Machibya, tangu nimsimamishe boda anatangaza kijiweni.

20 Oktoba

Jamani leo! Jamani, jamani.

Nilikuwa nachambua mchele. Nasikia hodi, natazama, Mama Sabina, kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisani, na akina mama watatu, wamevaa vitenge vya sare. Wamebeba unga ndoo nzima, sukari na mfuko wa nguo. Nikajua wanapitia kunichukua twende kwa mfiwa. Nikauliza, "Nani tena?"

Wakatazamana. Mama Sabina akanishika mkono, sauti kaishusha ya msibani. "Dorotea, mayu, shida si ya kuficha. Sisi ni ndugu. Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Kwamba maji wamekukatia. Boda mmeshindwa. Mtoto anabeba ndoo. Na kwamba Baba Eva," hapo akaniminya vidole, "ameamua kurudi kwao Rorya."

"Baba Eva si huyo ndani amelala!"

"Ndiyo, mayu, mfichie tu aibu yake, ni mumeo."

Baba Eva mwenyewe akatokea na shuka kiunoni, kaamka kwa kelele. "Karibuni," anasema, "kuna nini?" Mmoja wao akasema, "Kumbe yupo," kwa sauti ya mtu aliyenyimwa kitu.

Nikaona nimalize ubishi. "Twendeni uani! Mwone maji kama yamekatwa!" Nimewatanguliza, mkono kiunoni, nimefungua bomba mpaka mwisho. Likakoroma. Likakohoa. Likatema kutu kidogo, kisha likatoa upepo.

Mgao wa maji! Siku zote saba za wiki, mgao ukachagua saa ile.

Mama Sabina akafumba macho akaanza sala. Sasa sala unaikatizaje? Nilisimama pale kwenye bomba langu kavu, nikaombewa riziki, nikaombewa ndoa, nikaitikia Amina. Walipomaliza nikapaza sauti: "Ni mazoezi! Mtoto anafanya mazoezi ya halaiki!"

"Mazoezi ya ndoo?" Mama Sabina kafumbua jicho moja. "Dorotea, mimi nimebeba ndoo tangu sina meno ya mbele, halaiki sijaiona."

Wakacheka, na mimi nikacheka machozi yakitoka, na Baba Eva kakimbilia ndani kucheka huko. Unga wamekataa kuondoka nao. Wamesema wakionekana wanarudi nao, mtaa utasema wametunyima. Kuelekea magharibi bomba likaanza kumwaga lenyewe, nikatoka barabarani nikaita watu waje waone maji. Hakuna aliyekuja.

Eva alikuwa amesikia yote. Akaniuliza, "Mama, tuache? Watu wanakusema."

Mimi nasemwa? Mimi ndiye huwa nasema! Nilimtazama alivyosimama mlangoni. Alikuwa anasugua wayo kwenye ugoko wa mguu mwingine, kasimama na mmoja, hata hajui.

Nikamwambia, "Kesho chukua ndoo kubwa."

27 Oktoba

Kaomba ugali wa pili. Nimempa na wa tatu. Sasa analala bila kubembelezwa.

1 Novemba

Mvua imepiga tangu alfajiri. Eva kateleza kwenye jiwe lile kubwa la kona na ndoo yote. Kidevu kimechunika, goti limechanika. Paskazia ndiye aliyembeba mpaka kwangu, naye kaloa chapachapa, anatetemeka. Nilitegemea maneno yake. Yeye akachemsha maji akamwosha goti kama wa kwake. Nilikuwa nimemweka huyu mama kwenye fungu ambalo si lake.

Lakini basi, imetosha. Nimempigia Machibya, kesho kutwa arudi na pikipiki.

3 Novemba

Machibya kaja, kapiga honi, Eva hayupo. Amepita mlango wa uani. Machibya ananiita, "Mama Eva, abiria wako kanikimbia!"

Nikatoka na mwiko nimgombeze mtu. Nikamwona kule juu. Na kweli alikuwa anakimbia! Kupanda kilima! Yeye na Princess wanarukia jiwe hadi jiwe, mabegi yanapiga mgongoni, na huyo aliyekuwa anakaa chini mkono kifuani anamwita mwenzake, "Wahi, wahi!" Nikabaki na mwiko juu.

Machibya nimempa chai na chapati za kumfunga mdomo.

4 Novemba

KACHUKULIWA! Filimbi ya kwanza, filimbi ya pili, Eva kasimama! Mwalimu Pius kamzunguka, kamsogezea uso, Eva kasimama! Kaja kunisimulia mara nne, na kila mara nimemwambia sijasikia vizuri, rudia. Leo wateja wote wamekula maharage bure. Nimesema shule ikae mkao wa kula, bendera juu ya mnara atashika mtoto wa Mkuyuni, wa kwangu mimi.

12 Novemba

Nimeshindwa hata kukaanga.

Eva kaniambia wamepangiwa nafasi za mnara. Nikauliza, bendera unaishika mkono gani? Akasema bendera anashika Princess. Yeye yuko chini. Chini kabisa, katikati, magoti na mikono ardhini, wenzake wanapanda juu ya mgongo wake.

Yaani mwanangu akanyagwe! Soko zima nimeshalitangazia bendera! Nikavua aproni, huyo mpaka shuleni, mvua inanyesha sijui hata.

Mwalimu Pius kaniona anasema, "Leo bila samaki?"

"Mwalimu, usinitanie. Mtoto wangu ni ngazi?"

Watoto walikuwa chini ya paa wanasubiri mvua ipite. Eva akatoka katikati yao, akaja akanisimamia mbele. Nilimwona kama sijamwona siku nyingi, mabega yametanuka, ananifikia kidevuni.

"Mama, rudi nyumbani."

"Unaniambia mimi?"

"Shikamoo, mama. Naomba urudi nyumbani." "Mwanzo mwalimu aliweka wavulana pale chini. Mnara ukaanguka, Princess akaumia bega. Akamweka Chenge wa darasa letu, ukaanguka. Aliponiweka mimi haukuanguka. Princess ni mwepesi, sawa, mimi nina nguvu. Juu ni kushika bendera tu, mama. Chini ndiko kwenye kazi."

"Na wakikuumiza?"

"Hawaniumizi. Naweza. Ukinitoa, hakuna mnara, wote hawaendi."

Mtoto ananifundisha kazi. Mimi! Nilimtazama mwalimu, akaangalia mvua. Nikamwambia Eva sitasema ndiyo mpaka nione kwa macho yangu.

13 Novemba

Nimeona. Mvua ilitulia, wakajenga mnara mbele yangu. Eva kashuka chini, kapanga viganja, kanyoosha mgongo kama meza. Wakapanda mmoja mmoja. Kila aliyekanyaga, mimi ndiye niliyeguna, yeye hakuguna. Princess kafika juu, kasimama. Hakuna kilichotikisika. Mwalimu kapuliza, wakashuka kwa zamu, Eva kainuka anapangusa magoti anacheka.

Nikasema ndiyo. Kisha nikaenda sokoni kusahihisha tangazo langu. Nimewaambia kushika bendera ni kazi ya yeyote, lakini mnara wa shule nzima umekaa juu ya mtoto wangu. Muuza nyanya akasema, "Juzi ulisema vingine." Juzi nilikuwa sijaelewa.

20 Novemba

Selestina na wenzake wamerudi na mizani yao. Safari hii Eva hakula kupita kiasi, kala tu kama kawaida yake, ambayo si haba. Nilisimama dirishani palepale.

Kilo zimepanda! Nilishika mdomo kigelegele kisitoke. Lakini Selestina akabana mkono na lile koleo, akasoma, akabana tena, akaniita. "Mama Evelina, njoo. Urefu umeongezeka, uzito umeongezeka, mafuta ya chini ya ngozi yamepungua. Huu uzito mpya ni misuli na mifupa. Sasa twende nje umwone anavyoruka."

Kaniruhusu kwenda nje na watoto! Eva karuka mbele, katua kwa miguu yote miwili bila kugusa chini kwa mkono. Kakimbia zile zamu kati ya mawe, hakuwa wa kwanza, alikuwa katikati, na hakukaa. Mguu mmoja hata sitaji.

"Kwa hiyo hatujapoteza hata kilo?" nikamuuliza.

"Hata moja, mama."

Hapo kigelegele kikatoka.

28 Novemba

Kesho. Nimepiga pasi kaptura yake ya bluu mara mbili. Kuna mawingu upande wa ziwa. Baba Eva kaomba ruhusa kazini.

29 Novemba

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Kirumba ilijaa. Mvua ilipiga asubuhi ikaacha uwanja na matope. Tulikaa mimi, Baba Eva, Paskazia, Mama Sabina na jumuiya nzima na sare zao. Shule ya kwanza ikapita, ya pili mnara wao ukaporomoka kwenye tope, uwanja mzima ukaguna, nami nikamshika Paskazia mkono. Ulikuwa baridi kama samaki.

Wakaingia wetu. Mistari, kugeuka, kuinama, filimbi ya Mwalimu Pius. Nikamwona Eva mpaka walipokusanyika katikati. Akashuka, wenzake wakamzunguka, nikampoteza. Nikapanda juu ya kiti, wapi! Naona migongo ya watoto tu. Ghorofa ya kwanza, ya pili. Princess akaanza kupanda na bendera imefungwa kiunoni.

"Yesu wangu," Paskazia anasema, "tope, tope, anateleza!"

Mmoja wa pembeni akateleza kweli. Goti likamtoka, upande ule ukazama, uwanja ukasema "Aaah!" Mnara ukaelekea kulia. Princess kule juu alikuwa bado hajasimama. Nikawa naelekea kushoto mimi mwenyewe na Baba Eva ananivuta. Mtoto wa pembeni akarudisha goti lake. Katikati hapakuwa pamesogea. Mnara ukarudi wima, taratibu, na Princess akasimama, akafungua bendera.

Sijui nilipiga kelele gani. Paskazia, ambaye binti yake ndiye yuko juu angani anapigiwa makofi, alikuwa kasimama kwenye kiti chake anaonyesha chini kwa vidole vyote: "Wa chini! Mwangalieni wa chini! Huyo wa Mama Eva!" Na jumuiya yote ikashika, "Wa chini! Wa chini!"

Walipotoka nilipita wenye kamba, wenye vyeo, nikamfikia. Tope lilianzia kwenye nyusi. Viganja vimeandikwa majani ya uwanja. Nikamkumbatia na kitenge changu kipya, kikaishia hapo.

"Mama, uliniona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Wote wanajua nisingeshindwa.

"Sikukuona," nikamwambia. "Sikuona hata ukosi wako. Nilikuwa namwangalia Princess. Aliposimama, nikajua uko."

Akacheka, meno meupe kwenye lile tope, akasema ana njaa.